Maandishi ya Kijivu, Pembeni Kulia

Nilijua. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure katikati ya habari. Siku niliyonunua kompyuta ya steshenari yangu, muuzaji aliniambia kwa kinywa chake, dukani kwake Tegeta, kwamba mashine anazo za aina mbili: yenye leseni yake, na ya kupiga. Ya kupiga ndiyo ile ambayo fundi huchomeka flashi, akapiga windo, ile programu ya kuendeshea mashine, kwa ufunguo usio wake, mashine ikawaka ikapendeza, na mwenye programu huko aliko hana habari. "Lakini dada," akasema, "ya kupiga itakuja kukusumbua. Baada ya miezi itaanza kukudai leseni." Nikamwambia itasumbua wengine. Mimi nimelea watoto watatu na mume mkorofi, sisumbuliwi na kioo. Akacheka, akaandika kwenye risiti kwa kalamu ya bluu, "bila leseni", akanipa. Nikaikunja nikaitia kwenye pochi.

Steshenari yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, Bagamoyo, mji mkongwe, alimokuwa marehemu baba akiuza kamba, misumari na rangi za vyombo. Mimi nimeweka meza, printa, mashine ya fotokopi na kabati la vioo lenye madaftari na kalamu. Napiga barua za maombi ya kazi, risala za harusi, matangazo ya misiba, na lebo za mkulima mmoja wa Kiwangwa anayetengeneza jemu ya mananasi. Wavuvi wa Mbegani huja niwajazie fomu za leseni za vyombo vyao. Nusu ya kazi yangu ni leseni za watu.

Miezi ya kwanza mashine ilikaa kimya kama mkwe mpya. Kisha asubuhi moja kikatokea kijisanduku katikati ya kioo: leseni yako itakwisha muda wake hivi karibuni. Nikakifunga. Kesho yake kikarudi, nikakifunga tena. Kikawa kinakuja asubuhi na mchana, mara nyingine nikiwa katikati ya jina la marehemu kwenye tangazo la msiba. Baada ya wiki kadhaa picha yangu ya nyuma, ya wajukuu wamevaa kanzu za Idi, ikatoweka na kioo kikawa cheusi tii. Na chini, pembeni kulia, yakatoka maandishi ya kijivu ya Kiingereza, mistari miwili: amilisha mfumo wako, nenda kwenye mipangilio ukaamilishe. Hayafutiki. Ukifungua barua, yanaelea juu ya barua. Ukifungua picha ya bwana harusi, yamemkalia begani.

Wapo watu ambao jambo kama hilo lingewatia hofu. Mimi lilinipandisha hasira. Kompyuta nimeinunua kwa jasho langu. Meza ni yangu, umeme nalipa mimi, chumba ni cha baba yangu. Halafu mtu nisiyemjua, ng'ambo huko, ananiandikia maagizo juu ya kioo changu kila siku ya Mungu? Nikamwambia kimoyomoyo: andika, utachoka wewe. Mji huu umeandikiwa amri na watu wengi, kwa lugha mbalimbali, na wote waliondoka wakatuacha tukipika samaki wetu.

Siku moja mvuvi mmoja, amekaa kwenye kiti cha mteja akingoja fomu yake, akasoma yale maandishi akaangua kicheko. "Bi mkubwa, mimi unanitafutia leseni, mbona mashine yako yenyewe haina?"

"Wewe ulikamatwa na doria mara ngapi kabla hujanijia?" nikamuuliza.

"Mara mbili."

"Mimi sijakamatwa hata mara moja. Sasa kati yetu nani wa kumcheka mwenzake?"

Wote waliokuwamo wakacheka, na yeye akacheka zaidi yao. Lakini alipoondoka neno lake lilibaki linaniwasha, nikatafuta dawa. Nilikuwa nauza vibandiko vya dhahabu vilivyoandikwa Mashallah kwa herufi za Kiarabu, vile wanavyobandika watu kwenye vioo vya magari. Nikachukua kimoja nikakibandika juu ya yale maandishi, chini, pembeni kulia. Kikayafunika kana kwamba kilipimwa na fundi cherehani. Tangu siku hiyo mteja akitazama kioo anaona sifa ya Mungu, nami naendelea na kazi yangu. Nilijiona mjanja sana, na sitasema kwamba sikufurahi.

Mama yangu naishi naye. Alipofiwa na baba nilimwahidi kwamba nitampeleka Hija, na si kwa kupitisha bakuli kwa watu, bali kwa kazi ya chumba hiki. Niliitimiza ahadi. Nilikusanya kidogo kidogo, nikapeleka kwenye kikundi cha mahujaji, jina lake likatoka, na la kaka yangu mkubwa likatoka pia ili awe mahram wake, mwanamume wa damu yake wa kumsindikiza. Sindano akadungwa. Gauni jeupe akashonewa, akalijaribu mbele yangu mara tatu kwa wiki kama bi harusi. Zilibaki wiki tano.

Kwetu mtu haondoki kwenda Hija hivi hivi tu. Anapita kwa watu akiwataka radhi, nyumba kwa nyumba, jirani, ndugu, aliyegombana naye na aliyemsengenya, ili asifike kwenye nyumba ya Mungu na haki ya mja shingoni. Mungu atasamehe yake, ya mja asamehe mja. Mama aliishika kazi hiyo kama ajira. Kila siku baada ya alasiri alivaa buibui akatoka, nyumba mbili, nyumba tatu. Alikwenda mpaka kwa mwanamke ambaye hawakusemeshana tangu mimi niko shule, kwa sababu ya sufuria ya pilau iliyoazimwa ikarudi imetoboka. Walilia wote wawili, akarudi nyumbani na sufuria mpya ambayo hakuna aliyeihitaji.

Alasiri moja kabla hajatoka aliniletea chai dukani. Mimi nilikuwa nyuma, nimetia mikono miwili ndani ya mashine ya fotokopi, natoa karatasi iliyokwama. Kwenye kiti cha mteja alikuwapo mwalimu mmoja wa sekondari anangoja mitihani yake. Mama akaweka kikombe mezani, akaona kibandiko.

"Lahaula! Neno lenye jina la Mungu ndiyo unaliweka hapa chini, mahali pa viwiko na chai?"

Kabla sijachomoa mikono, alishakibandua kwa ukucha. Akakibandika juu kabisa ya kioo, katikati, akakipangusa kwa upindo wa kanga yake mpaka kikang'aa. Kisha akainamia palipobaki wazi.

"Na hapa kumbe pana maneno. Yanasemaje?"

"Mambo ya kompyuta tu, mama."

Lakini mwalimu ni mwalimu, hawezi kuliona swali limelala bila jibu. Akavuta kiti mbele, akasoma, akatafsiri kwa sauti ya darasani: "Yanasema, bibi, kwamba programu ya mashine hii haijathibitishwa. Yaani haina leseni halali. Mwenye mashine anatakiwa akalipie."

Katika maneno yote hayo mama alisikia moja tu. "Si halali?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Sikupanga. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa wino wa mashine, mwalimu ananitazama, mama ananitazama, na ulimi ukatangulia. "Nilidhulumiwa, mama. Yule muuzaji wa Tegeta aliniapia ina kila kitu. Nimekuja kujua baadaye." Maneno yalitoka mepesi kabisa. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akasema wauza kompyuta wote ni wezi, na mimi nikamwitikia.

Mama akaketi juu ya boksi la karatasi. Chai ikapoa. "Fedha yangu ya Hija," akasema, "imetoka kwenye mashine hii."

"Imetoka kwenye mikono yangu, mama."

"Na mikono yako ilikuwa juu ya nini?"

Nikaificha mikono yangu nyuma, na wino wake.

"Basi siendi," akasema, "mpaka mwenye mali aniridhie."

Nikadhani ni hasira, itapoa. Kesho yake sikumwona akivaa buibui lake. Keshokutwa vilevile. Gauni jeupe alilikunja akaliweka chini ya nguo nyingine, na kaka yangu alipokuja kumweleza habari za mabegi akamwambia asubiri. Kaka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, mambo ya kompyuta. Lakini moyoni nilianza kuogopa, maana namjua mama. Huyu ni mwanamke aliyesusa sufuria kwa miaka thelathini na zaidi.

Nikamleta fundi, mtu mzima mwenye wake wawili, anayetengeneza mashine za nusu ya mji. Akaja na flashi yake. Akamweleza mama kwamba jambo lenyewe ni dogo, anapiga nyingine mpya, maandishi yanaondoka, hayarudi.

"Hiyo nyingine umepewa na mwenyewe?" mama akauliza.

"Hapana mama, lakini wote ndivyo tunavyotumia."

"Siku nitakayoulizwa, hao wote watakuja kunijibia?"

Fundi akacheka kidogo akidhani ni mzaha.

"Wewe unataka kuyaficha tu, kama mwanangu alivyoyafunika kwa jina la Mungu. La kuvunda halina ubani, baba. Chukua kidude chako, kunywa chai uende zako."

Akanywa chai akaenda zake. Mama akanigeukia mimi. Mwenye programu hii ni nani hasa? Nikamwambia ni kampuni, iko ng'ambo. Akasema kampuni nayo ina mtu, mpigie nimtake radhi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kuchukua kanga ya kujitanda kichwani, akaketi mbele ya meza yangu akiwa amejistiri kama anayekwenda kuposa.

Kwenye mipangilio palikuwa na namba ya msaada. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamwekea simu mezani. Ikapokea sauti ya kike, ya Kiingereza, laini.

"Assalaamu alaykum," akasema mama. Sauti ikaendelea na yake. Mama akangoja imalize, kwa adabu, kisha akaanza. "Mimi ni mama mtu mzima, naishi Bagamoyo, na inshallah nakwenda Hija. Mwanangu amekuwa akitumia kitu chenu bila idhini yenu, naye hakujua, alidhulumiwa. Mimi nimekula katika chumo lake. Nakuomba, mwenye mali, uniridhie, na yeye umridhie, maana hakujua."

Mara mbili, hakujua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikajifanya napanga kalamu.

Sauti ikasema jambo, ikanyamaza, ikalisema tena.

"Anasemaje?"

"Anasema hakuelewa. Anataka ubonyeze moja au mbili."

"Basi mwambie wewe, kwa lugha yake."

"Si mtu, mama. Ni mashine."

Akaitazama simu, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Yaani ya kudai wameiweka, ya kusamehe hawakuiweka?"

Nikaona hapo amefika mwisho wa njia, sasa atachoka, nitamshika mkono nimrudishe kwenye mabegi yake. Kumbe ndio kwanza anaondoka. "Basi twende kwa aliye mtu," akasema. "Twende Tegeta, kwa huyo aliyekudhulumu."

Kesho yake asubuhi nilimwambia duka lile limehama. Akasema tutauliza lilikohamia. Nilimwambia kompyuta ni nzito. Akaniletea kanga ya kuifungia. Ningeweza kumwambia kweli asubuhi ile, uani kwetu, tukiwa wawili tu na kuku. Sikumwambia. Nilikuwa nimekwisha sema nimedhulumiwa, na mimi nikisema neno nasimama nalo. Ndivyo nilivyo. Hata wakati najua nimesimama pabaya, miguu yangu inakataa kusogea.

Duka lilikuwa pale pale. Muuzaji naye alikuwa yule yule, bwana wa makamo, miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa kamba. Aliponiona alitabasamu, akanikumbuka. "Shikamoo mama," akamwambia mama yangu, akamsogezea kiti.

"Marahaba." Mama hakuketi. Kulikuwa na wateja watatu, mmoja wao mwanamke aliyekwisha chagua kompyuta yake ndogo na pochi ameifungua. Mama aliwatazama wote kwanza, kisha akasema kwa sauti ya kutosha duka zima na kibaraza chake: "Nimekuja kwako, mwanangu, kwa sababu natarajia kwenda Hija, na umeniingizia haramu nyumbani. Umemuuzia binti yangu mali ya watu ukamwapia kuwa ni halali. Mtoto wangu hakusoma mambo haya, alikuamini. Hiyo ni dhuluma. Umemdhulumu yeye, umenidhulumu mimi, na umemdhulumu mwenye mali. Na hawa waliosimama hapa nao wajue wananunua kwa nani."

Bwana yule akageuka akanitazama.

Neno moja lingetosha. Mama, aliniambia. Maneno mawili. Badala yake nilimkazia macho. Nilimtazama hivi, kidevu juu, nikamngoja athubutu. Akavuta mtoto wa meza, mle alimokuwa akiweka kopi za risiti zake. Mkono wake ukaingia, ukakaa humo. Nikaiona ile kalamu ya bluu kana kwamba naisoma. Kisha akamtazama mama: kizee amesimama kwa miguu iliyovimba kwa safari, kidole kimoja bado kiko juu. Mkono ukatoka mtupu. Akaufunga mtoto wa meza polepole.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nitakuwekea ya halali sasa hivi, na wewe mwenyewe uone."

Yule mwanamke akafunga pochi yake. Akairudisha kompyuta ndogo juu ya kaunta, akaisogeza mbali kwa vidole viwili, akatoka bila kuaga. Bwana akamsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Akafungua kanga, akaichomeka mashine yangu, akafuta vyote vilivyokuwamo, akaanza upya.

Leseni nilinunua mimi. Nilimlipa kwa simu nikiwa nimempa mama mgongo. Mashine ilipowaka, mama alitaka aonyeshwe. Akainama akaitazama ile pembe ya kulia kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake kuhakikisha hapana kitu kilichobandikwa. Palikuwa peupe.

"Umeona?" aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Haki ukiisimamia, mtu anaitoa." Nami nikasema ndiyo, mama.

Alilitoa gauni jeupe. Buibui likavaliwa tena, nyumba mbili, nyumba tatu kwa siku, mpaka akazimaliza. Picha ya wajukuu nikairudisha kwenye kioo. Kazi ikaendelea, na hakuna kijisanduku kilichonijia tena asubuhi. Kama nilifikiria habari za Tegeta, nilizijibu upesi. Mfanyabiashara hafi kwa neno. Yeye si ndiye anayepiga windo usiku na mchana, leo anajifanya malaika? Mteja mmoja ameondoka, watakuja wengine. Mama yangu anakwenda Hija na roho yake nyeupe, na hilo ndilo nililoahidi. Nilikuwa na majibu mengi, na nilikuwa nikiyatoa hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Siku ya safari watu walijaa uani. Dua ilisomwa, ubani ukapita, gari likawa linangoja nje na kaka yangu amesimama mlangoni anatazama saa. Mama, na viatu vyake vipya vya kufunga, akapita kwa kila mtu akimshika mkono. Jirani kwa jirani, mjukuu kwa mjukuu. Mimi akaniacha wa mwisho.

"Mwanangu, kama nimekukosea kwa neno au kwa tendo, nihalalishie."

"Nimekuhalalishia, mama. Na wewe nihalalishie, ninayoyajua na nisiyoyajua."

"Nimekuhalalishia, dunia na akhera."

Ilikuwa imekwisha. Hayo ndiyo maneno yenyewe, hayahitaji maelezo, yanafunika kila kitu bila kukitaja. Nilipumua. Kaka akachukua begi la mwisho. Na mama, huku ananifuta machozi kwa kiganja, akaniinamia sikioni.

"Amebaki mmoja tu. Yule wa Tegeta. Langu nimemsamehe, lakini alilokufanyia wewe mwanangu siwezi kulimeza. Nikisimama Arafa nitamtaja. Nitamwambia Mungu, huyu alimdhulumu mtoto wangu."

Hapo nilimwona yule bwana. Nilimwona amesimama na mkono wake ndani ya mtoto wa meza, na mamilioni ya watu wamevaa nyeupe, na mama yangu katikati yao ameinua mikono anamshitaki. Kwa Mungu. Kwa neno nililolitunga mimi nikiwa na wino mikononi.

"Mama, usimtaje."

"Kwa nini?"

"Hakunidhulumu. Aliniambia. Aliniandikia mpaka kwenye risiti. Nilijua, mama. Tangu siku ya kwanza."

Kuna shangazi yangu alikuwa ameanza kupiga kigelegele, kikamkatikia mdomoni. Mama hakupaza sauti. Alitafuta kiti kwa mkono, akaketi, akainama na kuanza kufungua viatu vyake. Cha kulia, kisha cha kushoto. Akaviweka pamoja pembeni.

"Mama, ndege," akasema kaka.

"Nipigieni yule bwana simu."

Namba nilikuwa nayo, ndiyo niliyomlipia. Ikaita. Alipopokea, mama alijitambulisha, akasema: "Mwanangu, mimi ni yule mama wa Bagamoyo. Nilikutukana mbele ya wateja wako kwa kosa ambalo hukulifanya. Nimejua leo. Nakuomba radhi, na kama huwezi kunipa, niambie, nivue nguo hizi nibaki nyumbani."

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu mabega yake yakishuka, akisema amin, amin, Mungu akuzidishie. Kisha akaniletea ile simu, miguu mitupu juu ya sakafu ya uani, mbele ya majirani, wajukuu, mashangazi na dereva aliyekwisha ingia ndani kutazama kulikoni.

"Na wewe."

Sijawahi kumtaka radhi mtu asiyenizaa. Mume wangu alikwenda kaburini akilingoja neno hilo. Nikaishika simu, nikaiweka sikioni, nikasimama nayo.

"Haya, dada," akasema yule bwana, taratibu, kama anayemwambia mtu asiyejua mashine abonyeze wapi. "Sema. Mama asije akachelewa."

Nikasema. Mama akaniashiria kwa mkono: kwa sauti. Nikarudia, kwa sauti ya kutosha uani na barabarani, na ndipo akaketi kuvaa viatu vyake.